Kabla Hujaandika Filamu ya Bodaboda, Tazama ya Baiskeli

Vijana wenye stori za filamu ni wengi kuliko unavyofikiria. Nenda kijiwe chochote hapa Dar, taja jina la Kanumba, halafu kaa usikilize. Mmoja atakwambia ana stori kali imelala kabatini, mwingine anayo kichwani, anasubiri mdhamini tu. Ukiwauliza wanajiandaaje kuandika, jibu ni moja: "Naangalia sana muvi."

Sawa. Muvi gani?

Hapo ndipo ninapotaka tukae wiki hii. Mwandishi kuangalia picha za wenzake ni kazi, kama fundi anavyozunguka nyumba ya fundi mwingine akigonga kuta. Lakini wengi wetu tunaangalia zilezile ambazo tungeangalia hata kama hatuandiki chochote. Unapeleka flashi kwa jamaa wa kujaza, anakuwekea ishirini, unakesha. Asubuhi macho mekundu, na stori yako ya Temeke imeongezeka helikopta moja ambayo huna hela ya kuikodi.

Nina rafiki yangu, dereva bodaboda wa Mbagala, anaandika filamu ya mtu aliyeibiwa pikipiki ya mkataba. Kwa wasioujua, mkataba ni hivi: tajiri anakupa pikipiki, unampelekea hesabu, na siku mlizokubaliana zikiisha chombo kinakuwa chako. Huyu wa kwenye stori anaibiwa zikiwa zimebaki wiki tatu. Inauma, si mchezo. Sasa katika kujiandaa, rafiki yangu akakusanya picha zote zenye pikipiki ndani: za mbio, za magenge, na zile ambazo steringi anaruka na pikipiki juu ya treni. Nikamwambia kaka, stori yako haihusu pikipiki. Inahusu mtu aliyepokonywa riziki ikiwa karibu kuingia mkononi, na mwanawe yupo pembeni anaona. Tafuta picha zinazouma hapohapo, hata kama hazina pikipiki hata moja.

Tukaanza na ya Waitaliano, Bicycle Thieves, ya mwaka 1948, iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Jamaa anaitwa Antonio, yuko Roma, vita vimeisha na kazi hakuna. Anapata kibarua cha kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, wanayapeleka kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, yuko juu ya ngazi anabandika, mwizi anaondoka nayo.

Sasa ngoja nikwambie kitu cha pale dukani kwa rehani, maana ndicho kilichonifanya nisimamishe picha na kurudisha nyuma. Mfanyakazi anachukua lile furushi la mashuka na kuanza kupanda nalo kwenye rafu. Anapanda, anapanda. Rafu zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine mpaka juu. Hakuna anayetoa hotuba ya ugumu wa maisha. Hakuna mama anayelia dakika kumi huku muziki unapigwa. Wewe mwenyewe unaelewa kwamba mji mzima unalala bila mashuka. Picha zetu nyingi pale zingeweka watu wawili kwenye sofa, mmoja anamwambia mwenzake, "Yaani maisha yamekuwa magumu sana siku hizi."

Na mganga yumo! Mwanzoni Antonio anamsema mkewe kwa kwenda kwa mama mmoja mpiga ramli. Baada ya kuhangaika na baiskeli bila mafanikio, anakwenda yeye mwenyewe, tena na mtoto. Nani hapa kwetu asiyemjua mwanamume wa namna hiyo?

Mwisho (samahani kwa kukumalizia uhondo) Antonio naye anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa, na mwanawe Bruno anaona kila kitu. Mwenye baiskeli anamwangalia yule mtoto, anasema basi mwacheni. Picha inaishia baba na mwana wanatembea katikati ya watu. Rafiki yangu alinyamaza muda mrefu. Kwenye daftari lake steringi alikuwa anamkamata mwizi na kumpiga.

Ya pili tuliyochagua ni ya Kichina, Beijing Bicycle ya mwaka 2001, ya Wang Xiaoshuai. Hapa nilicheka peke yangu. Kijana katoka kijijini, anapata kazi ya kupeleka mizigo kwa baiskeli ya kampuni, anakatwa mapato mpaka baiskeli iwe yake. Mkataba mtupu! Inaibiwa ikiwa karibu kuwa mali yake. Lakini stori haifuati ya Roma. Kijana anaikuta baiskeli kwa mwanafunzi wa mjini aliyeinunua sokoni kwa watu wa mitumba na anayeringia nayo wasichana. Kila mmoja anaamini ni yake. Wanapigana, wanachoka, wanakubaliana kupokezana siku kwa siku.

Umeona? Wizi uleule, stori mbili tofauti kabisa. Mtu kuibiwa chombo cha kazi ni jambo la watu wote, hakuna mwenye nalo. Kinachomilikiwa ni namna mtu alivyolisimulia, na hata huku kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 ndivyo inavyotenganisha. Asiyeamini amuulize Sergio Leone. Picha yake ya kauboi ya 1964, A Fistful of Dollars, ilimfuata mno Mjapani Kurosawa na Yojimbo yake ya 1961. Ikaishia kwa Wajapani kulipwa asilimia 15 ya mapato. Nawe usidhani utapona kwa kuwa unatoka Mbagala. Watazamaji wa vibanda umiza wameona kila kitu, watakuumbua kabla mahakama haijakusikia.

Ya tatu iwe ya karibu na nyumbani, kwa ajili ya masikio. Tulichukua Nairobi Half Life ya 2012. Mwas anatoka kijijini kuja kuwa mwigizaji, anafika Nairobi na kuporwa siku hiyohiyo. Sikiliza wanavyoongea: wanakatizana, wanataniana, hakuna anayemaliza sentensi kama anasoma taarifa ya habari. Tena kwa hizo za kigeni, tafadhali usichukue zilizotiwa sauti na madijei wetu. Nawapenda, wananichekesha, lakini utani ule ni wao, na wewe unamtafuta mwandishi. Kiingereza cha maandishi ya chini kikikupiga chenga usijali. Ile ya Roma unaielewa kwa macho.

Tatu zinatosha? Orson Welles mwenyewe alisimulia kwamba kabla ya kutengeneza Citizen Kane ya 1941 aliangalia picha moja, Stagecoach, mara kama 40. Moja inahusu abiria kwenye gari la farasi, nyingine tajiri wa magazeti. Hakuwa anatafuta farasi, alikuwa anatafuta jinsi picha inavyojengwa. Mara ya kwanza angalia kama mtu wa kawaida, ulie ukitaka. Ya pili shika kalamu, na kwa kila tukio andika huyu anataka nini na nani kamzuia. Ya tatu zima sauti kabisa. Ongeza na moja mbovu ya jambo hilohilo, uandike pale ulipoanza kuchezea simu.

Baada ya hapo zima runinga. De Sica hajui mtu akiibiwa pikipiki Mbagala anaanzia wapi, kituoni au kwa mwenyekiti wa kijiwe, na nani anatumwa kumwambia tajiri. Hayo waulize madereva wenyewe. Na wanunulie chai, maana muda unaowakalisha hapo hesabu ya jioni inawasubiri.