Jini wa Bluu Bariadi
Watoto wa hapa Bariadi hawangoji filamu iishe ndipo washangilie. Nililiona hilo kwenye banda la video ilipooneshwa Aladdin ya mwaka 2019, filamu ya nyimbo iliyoongozwa na Guy Ritchie, yenye asili katika Alfu Lela Ulela. Will Smith alipochomoza kwenye taa akiwa jini wa bluu, benchi la mbele lilisimama lote. Mama mmoja aliyekuja kumfuata mwanawe akakaa mpaka mwisho, kitenge begani.

Rangi hiyohiyo ya bluu ilikejeliwa sana duniani tangazo la filamu lilipotoka Februari 2019. Lakini watu walipoingia ukumbini walifurahi, na mapato yakapita dola bilioni 1, ingawa wahakiki wengi hawakuisifu sana.

Mena Massoud, aliyeigiza Aladdin, alizaliwa Cairo. Ila mimi nilivutiwa zaidi na Naomi Scott, aliyeigiza binti mfalme Jasmine: anaimba kwa nguvu, na mama yake mzazi alizaliwa Uganda, jirani zetu kabisa.

Huku kwetu Usukumani tunajua uzito wa uamuzi wa watazamaji. Kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta umati mkubwa ndilo hushinda. Kwa kipimo hicho, Aladdin ilishinda.

Wenye mabanda, tafadhali, msiwawekee watoto mapigano kila siku. Wapeni na hadithi za kuimba.