Makosa Machache Yaliyobaki: Kurudia Mtihani wa SAT kwa Busara

Mwanafunzi aliyepata alama 1450 kati ya 1600 katika SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu vingi vya Marekani kuchagua wanafunzi, amekwisha kufanya vizuri. Hata hivyo, nafasi na ufadhili wa masomo vinapogombewa na wengi, hutamani kuurudia. Je, afanye nini ambacho hakukifanya mara ya kwanza?

Wengi hudhani dawa ni kuongeza mazoezi. Lakini aliyefika kiwango hicho hana tena pengo kubwa la maarifa. Kinachomrudisha nyuma ni makosa machache yanayojirudia, na mazoezi yasiyochunguzwa humzoesha makosa hayo hayo.

Muundo wa mtihani

Siku hizi SAT hufanywa kwa kompyuta. Kusoma na Kuandika kuna maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70. Kila sehemu ina awamu mbili, na ugumu wa awamu ya pili hutegemea majibu ya awamu ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi hodari asiyachukulie kwa wepesi maswali ya mwanzo, maana karibu na kilele kosa moja la haraka laweza kumpunguzia alama 10 au zaidi. Aidha, jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Asiache swali lolote wazi.

Daftari la makosa

Baada ya kila jaribio, aandike kila swali alilokosa, na hata lile alilopata kwa kubahatisha. Kisha ajiulize: Sikujua? Sikuelewa swali? Au nilikimbilia jibu?

Tuchukue mfano: ikiwa 3x + 6 = 21, thamani ya x + 2 ni ngapi? Mwenye haraka hupata x = 5 na kujibu 5, kumbe jibu ni 7. Hisabati anaijua, hakusoma swali hadi mwisho. Dawa yake si kurudia mada nzima, bali kujizoesha kutazama tena kilichoulizwa kabla ya kujibu.

Katika kusoma, mtego mkubwa ni jibu lenye ukweli ambalo kifungu hakikulisema. Aoneshe neno au sentensi inayolithibitisha, asipoipata, aliache. Baada ya wiki moja au mbili ayarudie maswali hayo bila kutazama majibu.

Familia zisizo na uwezo wa kulipia masomo ya ziada zisikate tamaa. Majaribio rasmi yanapatikana bure katika programu ya Bluebook, na mafunzo katika Khan Academy.

Kujua pa kukomea

Alama za mtu yule yule hupanda na kushuka kidogo kutoka siku hadi siku. Tofauti ya 1530 na 1550 si kipimo cha akili. Vyuo vingi huunganisha alama bora za kila sehemu kutoka mitihani tofauti, lakini si vyote vina utaratibu mmoja. Chuo Kikuu cha Georgetown cha Wajesuiti, kwa mfano, kwa miaka mingi kimewataka waombaji kuwasilisha alama zote. Ni vema kusoma masharti ya kila chuo kabla ya kujiandikisha tena.

Wazazi nao wakumbuke kwamba vyuo hutazama pia matokeo ya shuleni, insha na barua za walimu. Mwezi unaotumika kutafuta alama 20 huku masomo ya darasani yakizorota ni hasara. Kijana akishayajua makosa yake na kuyarekebisha, arudie mtihani kwa utulivu, kisha apumzike.