Panapofuka Moshi Mwingi Pana Maji

Tazama gogo la mkaratusi lililokatwa juzi likitiwa jikoni katika shule ya bweni mjini Kitale. Kabla halijashika moto, ncha yake hufoka povu. Povu hilo ni maji, na anayeyagharamia ni mpishi anayefuta machozi kwa upindo wa leso.

Mti uliokatwa karibuni hubeba maji yapatayo nusu ya uzito wake. Katika kilo 100 za kuni mbichi, umenunua takriban lita 50 za maji. Ni lazima moto uyageuze yawe mvuke, na kila lita saba hula nguvu ya karibu kilo moja ya kuni kavu kabisa.

Hasara haiishii hapo, kwani mvuke huo hupoza moto. Gesi zinazotoka kwenye kuni huhitaji joto kali ili ziungue; zikilikosa, hupaa zikiwa moshi, masizi na kaboni monoksaidi. Chembe za moshi ni ndogo mno, hupenya hadi vilindini mwa mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Ni kweli kwamba boila za viwanda vya sukari, kama za kiwanda cha Nzoia kule Bungoma, huchoma makapi ya miwa ambayo nusu yake ni maji. Lakini tanuri zake zimeundwa kwa kazi hiyo, zenye feni na dohani ndefu. Jiko la shule halina hayo. Hata vipande vidogo vya mti vya kulisha boila, vikirundikwa vibichi, huchacha, hupata joto na kuota ukungu ambao vumbi lake hudhuru mapafu ya anayevichota.

Kupima maji yaliyomo kwenye kuni si kazi ngumu. Chukua gramu 1,000 za kuni zilizochanjwa, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kupungua. Zikibaki gramu 600, zilikuwa na maji asilimia 40. Lengo ni asilimia 20 au chini yake. Huna oveni? Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mdundo mzito.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho cha kupasua kuni na kuzipanga juu ya mawe, chini ya paa, pande zikiwa wazi. Jua na upepo vitayatoa maji hayo bure, kabla mpishi hajayalipia kwa pumzi yake.