Dawa za nano na upasuaji wa unene: jua ukweli kabla hujatoa randi zako

Ukikatiza katikati ya jiji hapa Jozi, au ukishuka Rockey Street pale Yeoville, hukosi kupewa kikaratasi: mganga anatibu kansa, anapunguza tumbo, anamrudisha mpenzi aliyepotea, yote kwa siku chache. Leo tuviweke vikaratasi pembeni, tuangalie mambo mawili ambayo sayansi imeyafanyia kazi kweli.

La kwanza ni dawa za nano. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000 hivi. Dawa za kawaida za saratani huzunguka mwili mzima, ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika. Wanasayansi wakafikiri: kwa nini tusiifungashe dawa ndani ya vipovu vidogo vya mafuta, ili nyingi ifike kwenye uvimbe na kidogo tu iende kwingine? Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, hivyo vipovu hupenya na kubaki humo.

Si ndoto. Doxil, ambayo ni dawa ya doksorubisini iliyofungashwa hivyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, kwanza kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani ya Kaposi, ugonjwa tunaoujua sana Afrika Mashariki. Inaumiza moyo kidogo kuliko doksorubisini ya kawaida, ila inaweza kuchubua viganja na nyayo. Mwaka 2005 ikafuata Abraxane kwa saratani ya matiti. Hapa Jozi, Chuo Kikuu cha Wits kina kituo cha kutafiti namna ya kufikisha dawa mwilini, kilichoongozwa na Profesa Viness Pillay hadi alipofariki mwaka 2020.

Lakini tusidanganyane. Mengi ya utafiti huu bado yako maabara, na yanayofanya kazi kwa panya mara nyingi hushindwa kwa binadamu. Mtu akikuuzia "nano" kwenye chupa mtaani, huyo anataka pesa yako tu.

La pili ni upasuaji wa kupunguza uzito. Daktari hukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, au hutengeneza njia ya mkato ili chakula kisipite sehemu yote ya utumbo. Unahusianaje na kansa? Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja aina 13 za saratani zinazohusishwa na unene, zikiwemo za utumbo mpana, mji wa mimba, na matiti kwa waliokoma hedhi. Kwetu kitambi ni dalili ya maisha mazuri, na dada akinenepa tunasema ametulia. Hapo ndipo tunapojidanganya.

Utafiti wa Cleveland, Marekani, uliotolewa mwaka 2022, ulifuatilia watu 5,053 waliofanyiwa upasuaji huu na kuwalinganisha na wanene wengine zaidi ya 25,000. Baada ya miaka 10, waliopata saratani zinazohusishwa na unene walikuwa kama 3 katika kila 100 kwa waliopasuliwa, na kama 5 kwa wasiopasuliwa. Ni tofauti nzuri, ila si kinga kamili, na wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu.

Upasuaji huu si wa kila mwenye kitambi. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mtu wa kilo 110 na urefu wa mita 1.65 anapata kama 40. Kwa miongozo ya mwaka 2022, kuanzia 35 unaweza kufikiriwa. Kuanzia 30 ikiwa una kisukari au ugonjwa mwingine wa aina hiyo.

Ushauri wetu:

1. Ukipasuliwa, vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha yote. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani.

2. Ukialikwa kwenye utafiti wa dawa, uliza kama umepitishwa na kamati ya maadili na kama SAHPRA imeruhusu. Soma fomu kwa lugha unayoielewa. Usilipie dawa inayofanyiwa majaribio, na una haki ya kujitoa wakati wowote.

3. Uvimbe kwenye titi, damu kwenye choo, kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, kupungua uzito bila sababu: usingoje. Mwaka 2025 Mahakama Kuu hapa Johannesburg iliamua kwamba mkoa wa Gauteng ulishindwa wajibu wake kwa wagonjwa waliosubiri mno tiba ya mionzi. Foleni ni ndefu, kwa hiyo ingia mapema.

4. Usiogope kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Tukumbushane, ndugu zangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tukutane tena, Mungu akipenda.