Mikanda ya Kiti cha Mtoto Garini: Maelezo kwa Wasafiri wa Njia ya Ilomba, Mbeya

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaosafiri na watoto wadogo kwa gari, khasa wale wanaovuka bahari kutoka Visiwani na kuendelea kwa njia ya barabara hadi Nyanda za Juu Kusini, wanakumbushwa umuhimu wa kumweka mtoto katika kiti chake maalumu. Zaidi ya hapo, wanashauriwa kuchagua kiti ambacho mikanda yake hukazwa kwa wepesi. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kumsaidia mzazi au mlezi kujua la kutazama kabla hajatoa fedha zake, na la kufanya kila siku baada ya kununua.

Ilomba ni kata ya Jiji la Mbeya iliyo kandoni mwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni ya zaidi ya kilomita 800, na hupitia Morogoro, hifadhi ya Mikumi, mlima Kitonga mkoani Iringa, Makambako na Uyole. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na ndani ya mji barabara hiyo hiyo hutumiwa na daladala, bajaji, pikipiki na waendao kwa miguu. Miteremko ya Kitonga, Inyala na Iwambi imepata sifa mbaya kwa ajali zake. Dereva wa njia hii, hata awe mwangalifu namna gani, hulazimika mara kwa mara kukanyaga breki ghafla.

MIKONO YA MZAZI HAITOSHI

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto aliyepakatwa yuko salama kuliko aliyekaa peke yake. Imani hii hutokana na mapenzi, lakini hesabu haiikubali. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama, nguvu ya mgongano ni sawa na ya kuanguka kutoka kimo cha takriban mita 10. Ikiwa gari hilo litasimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 atavutwa mbele kwa uzito wa kilo 140 hivi, yaani zaidi ya gunia la kilo 100 la mahindi. Hakuna mama wala baba awezaye kulizuia gunia hilo kwa mikono, tena bila ya kupewa taarifa. Na mzazi mwenyewe asipofunga mkanda, uzito wake humwangukia mtoto.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba viti vya watoto vikitumiwa ipasavyo hupunguza vifo vyao kwa kiasi kikubwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara ya mwaka 1973 ilipotungwa haikutaja viti hivi, na Zanzibar ina sheria yake ya usafiri barabarani ya mwaka 2003. Hata hivyo mzazi hana haja ya kusubiri kulazimishwa na askari katika jambo linalomhusu mwanawe.

KWA NINI UKAZAJI NDIO JAMBO KUBWA

Kiti cha mtoto mdogo huwa na mikanda mitano: miwili hushuka mabegani, miwili hutoka nyongani, na mmoja hupanda kati ya miguu. Yote hukutana katika kifungio kimoja mbele ya tumbo. Kazi ya mikanda hii ni kumfanya mtoto apunguze mwendo pamoja na gari, na kuigawa nguvu ya mgongano katika mifupa imara ya mabega na nyonga. Ikiwa imelegea, mtoto huendelea kwenda mbele hadi ikaze, na hapo hukutana nayo kwa kishindo. Aghalabu kichwa chake huwa kimekwisha kufika mbali, na bega laweza kuchomoka.

Kwa hiyo kiti cha bei kubwa chenye mikanda iliyolegea chaweza kumhifadhi mtoto kwa uchache kuliko kiti cha kawaida kilichokazwa vyema. Ni vema kukumbuka hali halisi ya asubuhi: mtumishi amechelewa kazini, mtoto analia, mkono mmoja umeshika mkoba. Mikanda ikiwa migumu kuvuta, mzazi ataikaza siku ya kwanza na ya pili, na siku ya tatu ataiacha ilivyo. Wepesi wa kukaza ni sehemu ya usalama wenyewe, wala haufai kuhesabiwa kuwa anasa.

NAMNA YA KUKIJARIBU KITI DUKANI

Mnunuzi asikubali kuuziwa kiti kilichomo ndani ya sanduku bila ya kukijaribu. Inapowezekana aende na mtoto mwenyewe, na afanye haya:

1. Amkalishe mtoto, mgongo na makalio yakigusa kiti barabara, kisha afunge kifungio. Sauti ya kujifunga isikike.

2. Avute kwanza ulegevu wa nyongani kuupeleka mabegani. Wengi huiacha hatua hii, wakavuta kwa nguvu nyingi na mikanda ya mapajani ikabaki imelegea.

3. Avute utepe ulio mbele ya kiti, kati ya miguu ya mtoto. Katika kiti kizuri utepe huu huenda kwa mkono mmoja, bila ya kukwama na bila ya mzazi kuinuka. Viti vyengine vya zamani hukazwa kwa nyuma. Hivyo havifai kwa matumizi ya kila siku, kwa kuwa kiti kikishafungwa garini nyuma yake hapafikiki.

4. Ajaribu kuushika mkanda wa begani kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na kuufinya ufanye kunjo. Kunjo likishikika, mkanda bado umelegea. Vidole vikiteleza bila ya kushika kitu, umekaza.

5. Abonyeze kitufe cha kulegeza na kuvuta mikanda ya mabegani kuelekea kwake. Ilegee mara moja, ili mtoto atolewe upesi panapotokea dharura.

6. Atazame namna ya kubadilisha kimo cha mikanda. Katika viti vyengine, mikanda hupanda pamoja na kiegemeo cha kichwa kwa kuvuta mpini mmoja. Katika vyengine, ni lazima ichomolewe nyuma na kupitishwa upya katika matundu ya juu, kazi ambayo mzazi huiahirisha mpaka mtoto akaipita.

Jaribio hili lirudiwe mara tatu au nne. Kiti kinachomshinda mzazi mbele ya muuzaji, pasipo haraka, kitamshinda zaidi kwenye kituo cha mafuta cha Makambako usiku.

UMRI, UZITO NA UPANDE WA KUTAZAMA

Mtoto mchanga husafiri akitazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili na shingo yake haijakomaa, hivyo mgongo wa kiti humpokea wote kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 129, iliyoanza mwaka 2013, inataka mtoto atazame nyuma hadi apitishe miezi 15, na kuendelea zaidi ya hapo ni kheri kwake maadamu kiti kinamruhusu. Kanuni ya zamani, nambari 44, iliviweka viti kwa uzito: hadi kilo 13 kwa wachanga, na kilo 9 hadi 18 kwa waliofuatia. Kiti kilichopimwa kwa kanuni hizi huwa na lebo yenye herufi E ndani ya duara.

Mtoto anayetazama nyuma, mikanda ya mabegani itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Ni marufuku kumweka mtoto anayetazama nyuma kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani mfuko huo ukifumuka hukipiga kiti kwa nguvu iwezayo kumuua. Mahali pake ni kiti cha nyuma.

BARIDI YA MBEYA NA MAKOTI

Hili ndilo jambo ambalo mgeni kutoka Visiwani hulisahau zaidi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi ya Mbeya ni kali, na alfajiri ya Ilomba mtoto huvishwa sweta na koti nene lililojaa pamba. Mzazi hukaza mikanda juu ya koti na kudhani kazi imekwisha. Wakati wa ajali koti hubonyea, na mikanda iliyoonekana kukaza huwa imeacha nafasi ya kumtoa mtoto kitini.

Dawa yake ni nyepesi. Mtoto avuliwe koti, akazwe akiwa na nguo za kawaida, kisha afunikwe kwa blanketi, kitenge au koti lenyewe juu ya mikanda. Anayetaka kujua tofauti na ajaribu nyumbani: amkaze mtoto akiwa na koti, amtoe bila ya kugusa utepe, amvue na kumrudisha. Ulegevu atakaouona ndio ambao mtoto angekuwa nao barabarani.

VITI VYA MITUMBA

Viti vingi vinavyouzwa nchini vimekwisha kutumika ng'ambo. Si vyote vibaya, lakini vinataka hadhari. Kiti kilichowahi kuwamo katika ajali kisinunuliwe, kwa kuwa ufa wa plastiki huweza kujificha chini ya kitambaa. Mnunuzi avue kitambaa na kutazama mwili wa kiti pande zote, asome tarehe ya kutengenezwa, atafute lebo ya kupimwa, na aangalie kama mikanda imechanika, imefifia kwa jua au imeshonwa upya. Asiyeweza kupata historia ya kiti ni heri akiache.

Gari nalo litazamwe. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na mikanda mizima ya nyuma, lakini mengine huwa mikanda hiyo imefukiwa chini ya viti au imekatwa, na sehemu ya katikati huenda ikawa na mkanda wa mapajani peke yake. Kiti kikishafungwa, kishikwe pale mkanda wa gari unapopita na kutikiswa; kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.

UTUNZAJI

Vumbi la njiani, uji na maziwa huingia katika kifungio na katika chombo cha kukazia, na mikanda iliyokuwa miepesi huwa migumu. Kabla ya kulaumu kiti, itazamwe kama mikanda imejisokota mgongoni, au kama mtoto ameukalia mmoja wao. Kifungio kisafishwe kwa maji ya uvuguvugu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, bila ya mafuta wala grisi. Mikanda ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Dawa ya kung'arishia nguo isitumiwe, kwani hudhoofisha nyuzi zake.

WASIO NA MAGARI YAO

Inafahamika kwamba familia nyingi, za Ilomba na za Visiwani, husafiri kwa daladala, basi na bajaji, ambako kiti cha mtoto aghalabu hakifungiki. Kwa hao, mtoto apewe nafasi yake kwenye basi lenye mikanda pale uwezo unaporuhusu, asikalishwe mbele pamoja na dereva, wala asifungwe pamoja na mtu mzima ndani ya mkanda mmoja. Abiria anayo haki ya kumtaka dereva apunguze mwendo, na aitumie.

Wenye magari, wakiwemo watumishi waliokabidhiwa magari ya Serikali kwa safari halali, hawana udhuru huo. Kukaza mikanda huchukua nusu dakika. Kabla ya kuwasha gari, dereva ageuke nyuma, afinye mkanda wa begani kwa vidole viwili, na asiondoke mpaka vidole vimeteleza. Afanye hivyo kila safari, hata kama ni ya kutoka nyumbani hadi skuli ya jirani, kwani ajali haichagui safari ndefu.