Sabufa inapiga kelele, mtangazaji hasikiki: Panga spika zako ujue kafunga nani

NI Jumapili ya Novemba 5, 2023. Dabi ya Kariakoo inapigwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mimi siku hiyo sikuwa na zamu. Nikaenda Mbagala kuangalia mechi kwa baba mkubwa.

Mzee ni Simba wa damu, tangu enzi za kusikiliza mpira Redio Tanzania. Lakini macho yake yamechoka, presha ya macho imemharibu. Akikaa mbele ya runinga anaona kijani, anaona vivuli vinakimbia, basi. Mpira wenyewe hauoni. Kwake mechi ni masikio.

Kaka yangu, mwanaye mkubwa, alikuwa amemnunulia sabufa mpya Kariakoo. Sh180,000, spika tatu na boksi kubwa la besi lenye taa zinazobadilika rangi. Kwenye katoni imeandikwa Wati 15,000. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri kishindo.

Kishindo kilikuja. Kennedy Musonda akafunga mapema, sebule ikatikisika, vikombe vikalia kabatini. Baba mkubwa akauliza: "Kafunga nani?" Kibu Denis akasawazisha, akauliza tena. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akapiga mbili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Yanga 5, Simba 1.

Mabao sita, na mara sita mzee aliuliza swali lilelile. Kila mara mtangazaji alikuwa ameshataja jina, ila lilimezwa na besi. Alipouliza mara ya mwisho alisema, "Hata kipigo kina jina, mwanangu. Niambieni aliyenipiga."

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Nikaanza kuulizia kwa mafundi wa redio, nikachunguza seti yenyewe, nikasoma vitabu vyake vya maelekezo. Nilichogundua ni kwamba sabufa ya mzee haikuwa mbovu. Tulinunua kwa macho, tukaipanga kwa macho, wakati kitu chenyewe ni cha masikio. Na wengi wetu tunafanya hivyohivyo.

WATI ZA KATONI ZISIKUTISHE

Tuanze na ile namba kubwa. Ukiangalia vizuri, pembeni ya Wati 15,000 kuna herufi nne ndogo: PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia. Haina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote, kila kiwanda kinaandika inavyojisikia.

Piga hesabu kidogo. Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata kama Wati 3,000 tu. Sasa sabufa ya Wati 15,000 inakula wapi huo umeme? Ingehitaji plagi tano kwa mpigo, na mita yako ya Luku ingekimbia kama winga.

Geuza boksi, soma kibandiko cha nyuma. Pale utakuta inatumia umeme kiasi gani, labda Wati 50 au 60. Hiyo ndiyo saizi yake. Spika haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachokula.

Namba ya kuulizia dukani ni RMS, yaani nguvu ambayo seti inaitoa mfululizo bila kukoroma. Kwa chumba na sebule za kupanga, Wati 30 hadi 60 za RMS zinatosha kabisa. Ukiona seti mbili za bei moja, moja imeandikwa Wati 12,000 PMPO na nyingine Wati 40 RMS, ya pili angalau imekuambia ukweli.

SPIKA NGAPI?

Utasikia 2.1, 3.1, 5.1. Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, na ile .1 ni boksi la besi, ambalo sisi tunaliita sabufa.

Kwenye 5.1 ya kweli, spika tatu zinakaa mbele na mbili zinakaa pembeni, nyuma kidogo ya mtazamaji. Ile ya katikati ndiyo hubeba maneno, hizo nyingine zinabeba shangwe. Ni tamu, unajihisi upo jukwaani.

Tatizo ni kwamba ili uipate hiyo raha, matangazo yenyewe lazima yawe na njia sita za sauti, na king'amuzi na seti yako viweze kuzisoma. Wengi wetu tunatoa sauti kwa zile waya mbili, nyekundu na nyeupe. Hizo zinabeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Ukizichomeka kwenye seti ya bei nafuu yenye spika tano, zile za ziada kwa kawaida zinarudia kilekile.

Kwa hiyo kama mfuko ni wa laki moja na nusu au laki mbili, usikimbilie wingi. Spika mbili nzuri na sabufa ya wastani zinaishinda seti ya spika tano za plastiki nyepesi. Ni kama timu: wachezaji wawili wanaojua kazi kuliko watano wa kujaza benchi.

MTIHANI WA DUKANI

Muuzaji akikuona tu, anaweka singeli au amapiano, anafungua besi mpaka mwisho. Mlango unatetemeka, unatoa hela. Hapo umeshafungwa bao la mapema.

Nenda na mechi yako kwenye simu. Dakika tano za mpira wenye mtangazaji na kelele za uwanja zinatosha. Mwombe achomeke simu, kisha fanya haya.

Kwanza, shusha besi mpaka sifuri. Je, maneno yanasikika safi, au yanatoka kama mtu anaongea ndani ya ndoo? Kuelewa maneno kunategemea zaidi herufi kama s, t, k na f, na hizo ni sauti za juu, mbali kabisa na besi. Spika ndogo ikishindwa hapo, sabufa haitakuokoa.

Pili, pandisha sauti hadi nusu. Ikianza kukoroma kwenye nusu, hiyo haina pumzi ya dakika 90.

Tatu, simamisha mechi, acha sauti juu. Ukisikia mvumo mzito, jua huo mvumo unakwenda nao nyumbani.

Nne, inua spika. Boksi la mbao lenye uzito kidogo mara nyingi linatoa sauti tulivu kuliko plastiki nyepesi inayotetemeka.

Kwa wanaopenda mtumba, kuna mali nzuri sana za zamani. Ila toa kitambaa cha mbele, gusa ule mduara laini unaozunguka koni. Kama ni wa sponji na unamong'onyoka, spika hiyo inahitaji matengenezo. Na soma volti kwenye kibandiko. Seti iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani inaweza kuwa ya volti 100 au 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230, mechi imeisha kabla ya filimbi.

KUPANGA NI BURE

Hapa ndipo nyumba ya baba mkubwa ilipokosea zaidi. Spika mbili tuliziweka juu ya kabati la nguo, karibu na dari, ya tatu nyuma ya pazia. Sabufa tuliisukumia kwenye kona ili isichukue nafasi.

Fundi wa mtaani alipokuja, kabla hajatoa bisibisi alicheka.

Kona inaongeza besi. Kuta mbili na sakafu zinairudisha sauti nzito kwa pamoja, inakuwa kubwa na inavuma. Tukaivuta kama hatua mbili kutoka kwenye kona, na kitufe cha besi tukakirudisha theluthi moja. Mara ya kwanza siku hiyo nikamsikia mtangazaji anahema.

Kama hujui pa kuiweka, kuna mbinu ya bure. Weka sabufa pale kwenye kochi unapokaa wewe, cheza kitu chenye besi, halafu tembea sebuleni ukiwa umeinama masikio yakiwa chini. Utakuta sehemu besi inavuma mno, sehemu inapotea. Pale inaposikika sawasawa, ndipo mahali pake. Watoto watakucheka, waache.

Spika za mbele ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, kama mita moja kutoka chini. Stuli mbili zinatosha. Ziweke kushoto na kulia kwa runinga, na umbali kati yake uwe sawa na umbali kutoka kila moja mpaka unapokaa. Ukikaa mita mbili, ziachane mita mbili. Unapata pembetatu yenye pande sawa. Zielekeze kwako kidogo. Ukipatia, sauti ya mtangazaji inatoka katikati ya kioo, ingawa hapo katikati hakuna spika.

Kwa mwenye spika za pembeni, zisiwe mbele. Ziweke ubavuni, nyuma kidogo ya masikio.

Na chumba chenyewe kinacheza. Marumaru, ukuta mtupu na kioo vinarudisha sauti, maneno yanagongana. Zulia, pazia zito na kochi la kitambaa vinatuliza. Huna haja ya kununua kitu, sogeza ulivyonavyo.

WAYA MOJA TU

Kisha fundi akageuza sabufa, akaangalia vile vibanio vyekundu na vyeusi. Spika ya kushoto ilikuwa imefungwa kinyume, nyekundu kwa nyeusi.

Hili kosa ni dogo lakini linauma. Waya ukigeuzwa upande mmoja, koni ya spika moja inakwenda mbele wakati ya mwenzake inarudi nyuma. Kelele za uwanja utazisikia, maana zinatofautiana kushoto na kulia. Ila sauti ya mtangazaji, inayotoka sawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe kwa kiasi, inakuwa nyembamba, kama imehamia nyumba ya pili. Ndiyo ile shangwe tuliyoisikia bila jina.

Waya wenyewe una alama, mstari au rangi upande mmoja. Hakikisha upande wenye alama unakwenda kwenye nyekundu, kwa spika zote.

Tumia waya kutoka kwenye runinga au king'amuzi, usitumie Bluetooth kwa mpira. Bluetooth inachelewa. Unaona nyavu zinatikisika kwanza, sauti inafuata. Kama runinga yako na seti yako zote zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, tumia hilo. Ukitumia waya wa optiko na ukapata kimya au mkwaruzo, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, chagua PCM.

Ukiwa humohumo, zima ile sauti ya "uwanjani" kama runinga yako inayo. Mara nyingi inakuza mwangwi na shangwe, mtangazaji anazama. Na zima spika za runinga yenyewe, zisigombane na za seti.

Mwisho, umeme. Unakatika na kurudi kwa nguvu, kila mtu anajua. Nunua kilinzi cha umeme kabla ya kununua taa za rangi.

JIRANI NAYE ANA MASIKIO

Nyumba zetu zinashirikiana ukuta, na besi inapenya ukuta kuliko maneno. Jirani hasikii nani kafunga, anasikia dum dum tu hadi saa sita usiku. Kelele zinalalamikiwa mpaka NEMC, lakini kabla ya kufika huko kuna ujirani wa kuvunjika.

Weka kipande cha godoro kuukuu chini ya sabufa, iondoe kwenye ukuta wa jirani, na mechi za usiku punguza besi. Mpira hautapungua chochote. Afcon 2027 inakuja hapa kwetu, Kenya na Uganda, na mechi zitakuwa nyingi. Utawahitaji majirani wa kuangalia nao.

KAJIFUNGA

Gharama yote ya marekebisho pale Mbagala ilikuwa nauli ya fundi na soda yake. Sabufa ni ileile ya Sh180,000, hatukuongeza hata spika moja.

Oktoba 19, 2024 nikarudi. Dabi tena, Mkapa tena, sebule imejaa. Mechi imebana hadi dakika za mwisho, bila bila. Mara mpira upo nyavuni mwa Simba. Vijana wa Yanga wakaruka, kila mmoja anataja mfungaji wake, wanabishana, mmoja anaapa kabisa.

Baba mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye runinga. Akanyoosha mkono juu.

"Nyamazeni. Kajifunga. Ni Kijili."

Marudio yakaja, kweli, Kelvin Kijili, beki wa Simba mwenyewe. Yanga ikashinda 1-0. Mzee akaegemea kochi, akasonya, akaomba chai. Alikuwa na hasira ya shabiki yeyote aliyefungwa. Ila safari hii hakumuuliza mtu.