Baruapepe Ndani ya Kompyuta ya Ofisi

Katika ofisi za mawakala wa forodha wanaohudumia bandari ya Tanga, ambako hati za shehena na ankara hufika kama viambatisho, programu ya baruapepe iliyowekwa ndani ya kompyuta, kama vile Thunderbird au Outlook, ina faida kubwa kuliko kivinjari, kwa kuwa barua zilizokwisha kupakuliwa husomeka hata mtandao unapokatika.

Programu hiyo hupewa anwani, nywila na majina ya seva mbili, yaani kompyuta za mtoa huduma, moja ya kupokea na nyingine ya kutuma. Utumaji hufuata utaratibu uitwao SMTP, aghalabu kwa mlango namba 587 au 465, na hapo hapana mengi ya kubishania. Uamuzi mzito uko kwenye upokeaji, wenye taratibu mbili za kuchagua. POP3, kwa mlango 995, hushusha barua na mara nyingi huzifuta kwenye seva papo hapo au baada ya siku kadhaa, hivyo kompyuta ikiungua kwa hitilafu ya umeme, na nakala hazipo, kumbukumbu za wateja hupotea nayo, ilhali IMAP, kwa mlango 993, huziacha kwenye seva na kuzioanisha na simu ya karani aliyeko getini (na siku hizi ni karani gani asiye na simu?). Kwa ofisi yenye watu kadhaa, IMAP ndiyo ifaayo.

Nywila ikikataliwa, si lazima mwandikaji awe amekosea: Gmail, kwa mfano, hufungua dirisha lake la kuingilia au hudai nywila maalumu ya programu.